Babu na Mngoni wake: siku nne za ruhusa Nairobi, Januari 1944

Mwana wa Kihesa:
Wakuu, salamu. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana, na ningeendelea kuuahirisha kama si mvua ya leo iliyonifungia ndani hapa Umoja. Umeme umekatika, simu ina asilimia arobaini, jiko la gesi lina maharage. Nitaandika kwa awamu, mnivumilie.

Mimi ni Mtanzania, Mhehe wa Iringa, huu ni mwaka wangu wa nane Nairobi kwenye shughuli za mizigo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya. Vijana wengi hawalijui tena neno hilo. Ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku kwetu, na wazee waliitamka walivyoiweza, ikawa Keya, hata kwa waliokuwa madereva wa malori kama yeye. Alikwenda Burma akarudi. Alifariki 1994 nikiwa darasa la sita, kwa hiyo mengi niliyasikia kwa masikio ya mtoto, na mengine nimejaziwa na shangazi.

Babu hakuwa na hadithi za vita. Ukimuuliza Burma anasema "mvua", basi. Ukimuuliza Wajapani anasema "walikuwa hawaonekani", anatafuta kiko chake. Lakini mguse habari ya Nairobi, utaleta kigoda mwenyewe. Siku nne za ruhusa, wiki ya mwisho ya Januari 1944. Wao waliita livu. Miaka hamsini alizisimulia siku hizo nne.

Nyumbani kulikuwa na picha mbili. Nasema mbili lakini ni picha moja, nakala mbili. Moja ilitundikwa ukutani, imekula moshi wa kuni mpaka nyuso zimekuwa rangi ya chai. Ya pili ilikaa kwenye sanduku la bati, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kaki, mpya kama imetoka studio jana. Askari watatu mbele ya turubai lililochorwa ngazi za jumba la kifahari na mnazi mmoja uliopinda. Babu amekaa kwenye kiti katikati. Kulia kwake amesimama Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, kidevu juu. Kushoto yupo mtu mfupi mnene wa mabega, kofia imelala upande, na kiganja chake amekiweka juu ya kichwa cha babu kama mtu anayekamata jogoo asikimbie.

Huyo ni Mngoni wa Songea. Aliyelelewa kusini mwa Tanzania ameshaanza kucheka.

Nikiwa na miaka kama minane nilimuuliza babu kwa nini asiitundike ile mpya, hii iliyoharibika aitoe. Akaniambia: "Ile si yangu."

Nakuja, maharage yanaungua.

Kigoda Mkononi:
Nimekaa. Weka picha mkuu.

Chai ya Rangi:
Mpaka sasa maji hayajachemka. Tunasubiri majani. Tumeshaona humu watu na babu zao wa Burma, kila mmoja babu yake aliua Wajapani kumi.

Mwana wa Kihesa:
Mkuu Chai ya Rangi, babu yangu aliendesha lori. Kama aliua kitu ni gia.

Mkaazi wa Ziwani:
Karibu jirani. Mimi ni wa hapa hapa, baba yangu alizaliwa Pumwani. Hebu tueleze sisi Wakenya, hii habari ya Mngoni inachekesha kwa nini?

Mwana wa Kihesa:
Wahehe na Wangoni ni watani. Wazee wao walipigana vita vikali, 1878 mpaka 1882, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na baada ya hapo ikabaki utani. Mtani si rafiki wa mzaha tu. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku na usimshtaki. Anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Na kwenye msiba ndiye mwenye kazi: anachimba kaburi, anawachekesha wafiwa, pengine analala humo kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Msiba usio na watani kwetu ni msiba mkavu.

Hilo la msiba mlishike, nitalirudia.

Sasa livu yenyewe. Babu na Mngoni waliandikishwa siku moja Iringa, 1941, wakapanda lori moja. Kabla hawajajuana majina walishaanza kutukanana, na babu alisema hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kila asubuhi babu: "Mla panya, umeamka?" Naye: "Nimeamka, mla mbwa. Umebakiza mkia?" Miaka miwili na zaidi, kila asubuhi waliyoamkia kambi moja. Jeshi lilikuja kuwatenganisha kikazi, babu kwenye malori, Mngoni kwenye mizinga kwa sababu ya mabega yale. Lakini ruhusa ilipotoka wakaiomba pamoja, na Mnyamwezi, dereva mwenzake babu, akajiunga kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma vizuri.

Walishuka stesheni ya Nairobi Alhamisi mchana, wote wamevaa buti mpya. Keya wa zamani walitembea peku. Hawa walipewa buti kwa sababu ya safari ya Asia, na miguu ilikuwa haijakubali. Babu alisema kutoka stesheni mpaka Majengo, mtaa wa Pumwani, alitembea kama mtu anayekanyaga mayai. Walifikia kwa mama mmoja mwenye nyumba, Mwislamu, mnene, sauti ya amri. Akawaangalia miguu kabla ya kuwaangalia uso. Hakuuliza habari ya vita wala ya fedha. Alileta beseni la maji ya moto, akatia chumvi konzi mbili, akasema: "Vueni hayo madude, mtachafua mkeka wangu kwa damu." Askari watatu wa Mfalme wakakaa ukumbini, miguu sita kwenye beseni moja, wakisubiri chai.

Mngoni hakukaa kimya. Alimwambia yule mama amwangalie Mhehe vizuri usiku, kama ana mbwa amfungie. Yule mama hakujua utani. Akamzaba kofi la bega, akamwambia hapa si kambini, mgeni hatukanwi. Babu akifika hapo alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

Mkaazi wa Ziwani:
Huyo mama namuamini asilimia mia. Nyumba nyingi za Majengo ya zamani zilikuwa za akina mama, wamejenga kwa jasho lao. Na Kiswahili cha pale ni cha zamani, hata leo ukiingia Majengo utasikia tofauti. Alikuambia walikunywa nini? Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kupika pombe mjini, ilikuwa ni kilabu cha manispaa pekee, pale pale Pumwani.

Mwana wa Kihesa:
Walikwenda kilabuni Alhamisi hiyo hiyo. Babu alisema pombe ilikuwa maji ya kuoshea vyungu. Wakarudi kwa mama kunywa chai.

Mama Tausi:
Naomba usiruke ruke. Mimi nasoma huku nimebeba mtoto.

Mwana wa Kihesa:
Sawa mama. Ijumaa asubuhi.

Wanatoka kuelekea mjini, wanapita Kariokor. Mnyamwezi akasimama akasema: "Kariakoo ipo na huku?" Wote watatu waliijua ile ya Dar es Salaam. Mzee mmoja aliyekuwa anashona viatu akawaambia jina ni lile lile na maana ni ile ile, walikopangwa wapagazi wa vita vya kwanza, waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa njiani. Babu yake Mngoni alikuwa mmoja wao. Alisema tu "kumbe", akaendelea kutembea.

Mbele kidogo polisi wawili wakawasimamisha. "Kipande." Sasa sikilizeni kituko. Tanganyika kipande ilikuwa ni kadi ya kazi ya mkonge, unafanya siku thelathini inajazwa, unalipwa. Kwa hiyo babu akajibu kwa heshima kabisa kwamba hajawahi kufanya kazi ya mkonge. Polisi wakadhani anawadhihaki. Wakawaonyesha mtu aliyekuwa anapita: kibweta cha bati kimening'inia kifuani kwa kamba, ndani karatasi yenye alama za vidole. Mwanamume yeyote Mwafrika wa Kenya aliyevuka miaka kumi na sita alikuwa nacho. Babu alisema alifikiri ni kengele ya mbuzi.

Mnyamwezi akatoa kitabu chake cha jeshi, mambo yakatulia. Polisi anaandika kwenye daftari, anamuuliza Mngoni jina. Mngoni akasimama kikakamavu akataja jina la babu. Jina kamili, na la baba yake, na kijiji chake. Polisi akaandika. Akamgeukia babu: "Na wewe?" Babu akabaki hana jina. Ikabidi na yeye ataje la Mngoni.

Mchezo huo waliuendeleza siku zote zilizobaki. Kwa mama wa Majengo, kilabuni, kila palipotakiwa jina, Mngoni alitoa la babu.

Kigoda Mkononi:
😂😂 Huyu Mngoni angenifaa.

Mpinga Mkoloni:
Samahani kuharibu sherehe. Hawa wazee walikuwa vibaraka tu wa mkoloni, wakipigania mfalme asiyewajua. Mnawasimulia kama mashujaa.

Mwana wa Kihesa:
Sijaandika neno shujaa mahali popote. Nimeandika beseni la chumvi. Tuendelee.

Mjini barabara kuu ilikuwa Delamere Avenue, ndiyo Kenyatta Avenue ya leo. Vitu viwili babu hakuvisahau pale.

Cha kwanza ni Mzungu mwenye koleo. Mateka wa Kitaliano, waliokamatwa Somalia na Abisinia, walikuwa wametapakaa Kenya nzima wakifanya kazi. Barabara ya kushuka bonde la ufa babu aliipita kwa lori wakiwa bado wanaitengeneza, na kale kakanisa kao pale Mai Mahiu, ka mwaka 1942, bado kapo, wengi mmekapiga picha. Lakini kumwona Mzungu mjini, amevua shati, anachimba mtaro, na kumsikia akiomba sigara kwa ishara ya vidole viwili! Mngoni akampa. Akampa na kiberiti. Wakaondoka kimya, mpaka Mnyamwezi aliposema: "Tukisimulia kwetu watasema tumelewa."

Cha pili ni mlango wa hoteli. Mnyamwezi alitaka chai ya hotelini. Wamevaa sare safi, wana fedha, wanakwenda kufa kwa ajili ya watu walioketi humo ndani, akaona ni haki. Bawabu alikuwa Mwafrika mwenzao, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu. Hakuwafokea. Aliwasogelea akanong'ona: "Ndugu zangu, mtanifukuzisha kazi." Babu alisema angewafokea wangeingia kwa nguvu. Kile kinong'ono ndicho kilichowarudisha.

Mnyamwezi hakuinywa chai ile maisha yake yote, na babu akimtaja alimwita "mtu wa chai ya hoteli".

Mkaazi wa Ziwani:
Walifika kwa sanamu za askari? Ziko barabara hiyo hiyo.

Mwana wa Kihesa:
Nilikuwa nakuja huko. Walifika Jumamosi. Sanamu ya Dar es Salaam walikuwa wameiona walipopita Dar, yule askari mmoja wa shaba mwenye bayoneti aliyewekwa 1927. Za Nairobi zimewekwa 1928, na ni watu watatu, mmoja wao mpagazi. Wakabishana kwa nini Nairobi wapewe watatu na Dar mmoja. Mngoni akasema Nairobi wamesimamishwa watatu kwa sababu kuna baridi.

Chini ya sanamu kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mnyamwezi akawasomea. Maneno yenyewe, nendeni mkayasome, ni kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Mngoni akasema: "Basi mimi nisife, sina mtoto. Afe huyu Mhehe, anao wawili."

Kutoka hapo wakaenda kupiga picha. Studio ya Mhindi, Bazaar Street, siku hizi ni Biashara Street. Mngoni ndiye aliyechagua turubai la mnazi, ndiye aliyemkalisha babu kitini, na kile kiganja kichwani alikiweka mwisho kabisa, Mhindi akiwa ameshasema tulieni. Nakala tatu, kila mtu yake. Malipo kidogo sasa, mengine siku ya kuchukua, Jumatatu. Mhindi akatoa stakabadhi, akauliza aandike jina la nani.

Mnajua jibu. Mngoni akasema: "Andika la Mhehe, deni lake."

Chai ya Rangi:
Naona majani yameanza kutoa rangi.

Afande Mstaafu:
Ngoja niulize kabla hujaenda mbali. Sehemu kubwa ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya mnyama kifaru, ilivuka kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, 1943. Hawa wako Nairobi Januari 1944 wanafanya nini? Na huyo wa mizinga alikuwa kikosi gani? Nauliza hivyo kwa heshima, sitaki kukuvunjia uzi.

Mwana wa Kihesa:
Afande, wewe umeshajua jibu. Ulitaka niliseme mimi.

Afande Mstaafu:
301.

Mwana wa Kihesa:
Ndiyo. 301.

Mama Tausi:
Mnaongea mafumbo. 301 ni nini?

Afande Mstaafu:
Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Wao hawakuvuka 1943, walivuka Februari 1944. Mwanzoni mwa mwezi huo walipakiwa Kilindini, Mombasa, kwenye meli iitwayo Khedive Ismail, katika msafara wa meli tano za askari kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari, Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Meli ilizama ndani ya dakika mbili tatu. Wengi walikuwa chini, hawakupata hata nafasi ya kufika kwenye ngazi. Walikuwamo watu 1,511. Walikufa 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake wengi. Na manowari zilizokuwa zikisindikiza zililazimika kuitafuta ile nyambizi kwa mabomu ya majini pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Nyambizi nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo.

Endelea, kijana. Samahani.

Kigoda Mkononi:
Dah.

Mwana wa Kihesa:
Umeme umerudi. Nilikaa kidogo kabla ya kuandika hapa.

Jumapili asubuhi walikuwa ukumbini kwa mama wa Majengo, wanakula mahamri. Wakaja askari wawili wa kikosi cha mizinga wakizunguka nyumba kwa nyumba: ruhusa za watu wa mizinga zimefutwa, treni ni jioni ile. Mngoni akamalizia hamri lake kwanza. Alivaa buti taratibu. Mama wa nyumba akamfungia mengine kwenye gazeti, Mngoni akamwambia amtoze Mhehe.

Babu alimsindikiza stesheni. Nilitamani kusikia waliagana vipi, na kila mara aliposimulia nilisubiri pale. Hakukuwa na kitu. Mngoni alisema kutoka dirishani: "Nichukulie picha yangu, usinikatie kichwa." Babu akasema: "Kichwa chako nani akitake." Treni ikaondoka. Basi.

Jumatatu babu akaenda Bazaar Street na Mnyamwezi, wakalipa. Fungu la Mngoni lilikuwa shilingi mbili, babu akalilipia. Mnyamwezi akachukua nakala yake, akarudi nayo salama Tabora baada ya vita. Babu akaweka mbili kwenye begi, yake na ya Mngoni.

Alivuka miezi miwili baadaye. Kufika Ceylon, siku ya kwanza kupata nafasi, akaenda kuuliza kambi ya mizinga iko wapi. Alikuwa amejiandaa. Ameipanga na salamu atakayompa, "mla panya", na dai la shilingi mbili na riba. Picha ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Sajini aliyemkuta akamuuliza anamtafuta nani wa 301. Babu akasema anamtafuta Mngoni. Sajini akamwambia: "Wa 301 hawapo." Babu akauliza wamehamia wapi.

Shangazi ndiye aliyenisimulia hiki kipande. Kwangu babu hakuwahi kukifikisha, kwangu alikuwa anaishia "Kichwa chako nani akitake" na kucheka.

Kuanzia hapo ile picha aliiviringisha kwenye kaki. Shangazi alimuuliza kwa nini hakuipeleka Songea, si mbali kiasi hicho. Akasema: "Mtani wangu hakuzikwa. Sikuchimba, sikucheka, sikulipwa. Nimeikamata picha yake mpaka ndugu zake waje wakomboe." Kwa wasiojua, mtani anaruhusiwa kukamata kitu cha msibani na kukizuia mpaka apewe chake. Kwa hiyo kimila alikuwa hana kosa. Lakini hawakuja, wangekujaje, hawakujua kuna picha.

Mama Tausi:
Mtoto amelala, mimi nalia. Sasa si uipeleke wewe?

Mwana wa Kihesa:
Mama, nimpelekee nani? Ndilo tatizo lenyewe, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Hatujui jina lake.

Miaka hamsini babu alimwita Mngoni, au mtani, au mla panya. Shangazi hakuwahi kusikia jina. Mnyamwezi alikufa kabla ya babu. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio, namba, na jina limeandikwa kwa penseli. Jina la babu yangu. Kwenye zote mbili.

Chai ya Rangi:
Mkuu, nafuta ile ya chai. Nisamehe.

Afande Mstaafu:
Nenda makaburi ya vita ya Ngong Road. Mle ndani kuna ukuta wa kumbukumbu ya Afrika Mashariki wa wasio na kaburi, na watu wa 301 wameandikwa huko. Tafuta sehemu ya mizinga.

Mwana wa Kihesa:
Nilikwenda, afande. Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne.

Ni mahali pasafi mno, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi, msitu uko nyuma, kelele za Ngong Road hazifiki. Niliipata sehemu ya mizinga. Majina yameteremka ukutani safu kwa safu, unasoma mpaka macho yanaacha kusoma yanaangalia tu. Ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kiganda, ya Kinyasa, ya Kiislamu ambayo yanaweza kuwa ya mtu wa popote. Nilikuwa nimebeba ile picha mpya, nikajikuta naiinua kuilinganisha na ukuta, kama vile jina litafanana na sura. Upuuzi, lakini nilifanya.

Niliandika matatu ninayoyashuku. Yanaweza yasiwe ya Kingoni kabisa, mimi Kingoni sikijui.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Kulikuwa na mtunza bustani pekee, amechuchumaa anang'oa magugu kama hatua kumi hivi. Nikasimama mbele ya ukuta nikasema kwa sauti: "Mla panya, umeamka?"

Yule baba akageuka. Nikamwambia samahani mzee, nilikuwa naongea na mtu. Akasema, "Hapa wengi huongea", akaendelea na magugu yake.

Mkaazi wa Ziwani:
Buda. Mimi nimepita pale Ngong Road maisha yangu yote na sijawahi kuingia. Halafu sisi hapa tuna soko la Burma, Jogoo Road, tunakula nyama kila wikendi, na wazee husema jina lililetwa na waliorudi vitani. Hatuulizi. Jumamosi naenda huko makaburini na kijana wangu.

Mpinga Mkoloni:
Sijabadilisha msimamo kuhusu mkoloni. Ila kuhusu Mngoni nimenyamaza.

Binti Matogoro:
Nimechelewa, nimeusoma uzi wote kwa mkupuo mmoja. Mimi ni Mngoni, niko Songea mjini. Kwanza kabisa, Mhehe, kwetu tunasema mmemla na huyo mbwa wa Nairobi.

Pili. Hayo majina matatu nitumie kwenye ujumbe wa faragha, usiyaweke hapa, kuna familia za watu. Wangoni tunajuana kwa ukoo, nikiyaona nitakuambia lipi ni letu na lipi si letu. Peramiho kuna wazee wa miaka tisini na kitu bado wana akili zao, Jumapili baada ya misa wanakaa chini ya mwembe. Kuna bibi mmoja ambaye kila akiona meli kwenye televisheni husema kaka wa baba yake "aliliwa na maji ya Wahindi". Sikuwahi kumuuliza zaidi, nilidhani ni hadithi za uzee. Mabega mapana kwao wanayo. Wangoni wengi wanayo, kwa hiyo usijipe matumaini.

Nitumie picha nimwonyeshe.

Mwana wa Kihesa:
Nimesoma mara tatu ujumbe wako, mla panya.

Majina nimekutumia. Picha nakutumia usiku huu, lakini ni ile ya moshi, ya ukutani. Nimeipiga kwa simu karibu na dirisha, uso wake unaonekana ukikuza, na mkono unaonekana wote.

Ile nyingine siitumi kwa simu. Bibi akimtambua, niambie, nitapanda basi niilete mwenyewe. Na mwambie aandae shilingi mbili.